Kilo 59: Hotuba kwa Mabaharia Vijana kuhusu Umbo na Mwendo wa Laser

Waheshimiwa wazazi, walimu wa ubaharia, wazee wangu mafundi wa vyombo mliokubali kuacha kazi zenu asubuhi hii, na ninyi vijana ambao ndio hasa niliowajia: asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Nimepewa muda mpaka maji yatakapoanza kukupwa, kwa sababu baada ya hapo chombo hiki kilicholala mchangani mbele yetu hakitaingia baharini bila kuburutwa juu ya mawe, na ganda lake si la kuburutwa.

Nilipofika niliwaomba vijana wawili walinyanyue. Mmeona walivyolinyanyua bila kusaidiwa. Ganda la Laser, ambayo siku hizi jina lake rasmi ni ILCA, yaani kifupi cha jina la Kiingereza la chama cha kimataifa cha mashua hizi, lina uzito wa kilo 59, yaani zaidi kidogo ya mfuko mmoja wa saruji. Urefu wake ni mita 4.2 na upana wake ni karibu mita 1.4. Juu yake hukaa mtu mmoja, hupandishwa mlingoti mmoja na tanga moja, na tangu mwaka 1971 zimeundwa zaidi ya 200,000 zenye umbo hilohilo. Nataka niwaeleze kwa nini umbo hilo limedumu kiasi hicho, na hoja yangu ni moja tu: usawa wa mashua hizi haukuletwa na kanuni zilizoandikwa baadaye, bali ulikuwamo ndani ya mchoro wenyewe. Mchoraji aliondoa katika chombo karibu kila kazi ambayo fedha au fundi hodari angeweza kuifanya, kazi hiyo akamwachia baharia. Anayetaka kuiendesha vizuri lazima kwanza ajue ni kazi zipi alizoachiwa.

Sisi tuliokulia pwani tumezoea mashindano ya namna nyingine. Ngalawa huchongwa kutoka gogo la mwembe, na hakuna miembe miwili iliyokua sawa. Fundi huangalia gogo lilivyojipinda, huamua omo, yaani mbele ya chombo, ikae wapi na tezi, yaani nyuma yake, ikae wapi, hufunga mirengu yake, ile miti ya ubavuni inayozuia kupinduka, kwa kipimo cha mkono na jicho lake, na chombo kinachotoka hapo kina tabia yake kama mtoto alivyo na tabia yake. Ngalawa ikishinda, mara nyingi swali la kwanza la wazee ni nani aliyeichonga, na nani alishika usukani huja baadaye. Sisemi kwamba hilo ni baya. Wazee waliokaa hapa wamenifundisha mengi, na heshima ya mchongaji ni heshima inayostahili. Ila ninyi mnaojiandaa kwa mashindano ya vyombo vya umbo moja mnaingia katika mchezo ambao mchongaji amemaliza kazi yake kabla hamjazaliwa, na wapinzani wenu wote wamepanda kazi ya mikono yake.

Mwaka 1969 Ian Bruce, mbunifu wa bidhaa za viwandani aliyekuwa na karakana ya mashua karibu na Montreal nchini Kanada, alimpigia simu rafiki yake Bruce Kirby na kumwomba mchoro wa chombo kidogo cha tanga kinachoweza kubebwa juu ya paa la gari. Kirby alikuwa mhariri wa jarida la mashua nchini Marekani, lakini pia alikuwa baharia aliyeiwakilisha Kanada katika Olimpiki za 1956, 1964 na 1968. Alianza kuchora wakati simu bado iko sikioni. Oda iliyotarajiwa haikuja, na mchoro ukakaa tu hadi mwaka uliofuata, yalipotangazwa mashindano ya vyombo vidogo vya bei isiyozidi dola 1,000, katika ziwa moja la jimbo la Wisconsin. Hapo ndipo wakaunda cha kwanza. Aliyekiendesha ni Hans Fogh, mshona matanga mzaliwa wa Denmark. Siku ya kwanza alimaliza wa pili. Usiku akalikata upya tanga lake ili lifuate vizuri zaidi mpindo wa mlingoti, na siku ya pili akashinda. Naomba mkumbuke usiku huo wa mkasi na sindano, kwa sababu nitaurudia. Januari 1971 mashua ilioneshwa New York, na mwaka 1974 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia huko Bermuda.

Sasa tuje kwenye ganda. Chombo chochote kinapotembea hutengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma, na kadiri kinavyoongeza mwendo ndivyo mawimbi hayo yanavyoachana, mpaka urefu kati yake unalingana na urefu wa sehemu ya chombo inayogusa maji. Kwa Laser urefu huo ni mita 3.81, na wimbi la urefu huo hutembea kwa takriban kilomita 8.8 kwa saa. Chombo kizito kikifika hapo hubaki kimefungwa kati ya mawimbi yake mwenyewe. Ukiongeza tanga kinachozidi ni povu tu. Jahazi lililopakia mikoko au chokaa halina njia ya kutoka humo, na wala halihitaji. Lakini chombo cha kilo 59 chenye tezi bapa kama hii, upepo ukifika kiasi cha kilomita 20 au 25 kwa saa na kikiwa hakiendi mbishoni, yaani kuelekea unakotoka upepo, hupanda juu ya wimbi lake la mbele na kuanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Mwendo unaruka ghafla hadi zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Sauti hubadilika: mlio wa maji yanayokatwa na omo hupotea, na chini ya magoti yako unaanza kusikia mvumo mmoja mfululizo. Kijana akiusikia mvumo huo mara ya kwanza hahitaji kubembelezwa arudi siku inayofuata.

Ili ganda liteleze hivyo, lazima liwe jepesi, na wepesi huo ndio unaofanya mwili wako kuwa sehemu ya chombo. Hakuna farumi, yaani mzigo wa kukituliza chombo. Hakuna mkuku mzito chini. Upo ubao wa katikati unaochomekwa kwenye tundu lake ili chombo kisisukumwe kando, lakini ubao huo hauzuii kupinduka. Kinachozuia kupinduka ni wewe. Baharia wa kilo 80 ana uzito kuliko ganda lenyewe, na akikaa ukingoni upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, miguu ikiwa imenaswa chini ya mkanda na makalio yametoka nje ya chombo, yeye ndiye farumi inayohama. Wazee wanaujua ufundi huu. Katika mashua zetu za mashindano tunapeleka watu kwenye ubao uliotokezwa nje upande huohuo. Tofauti ni kwamba huku hakuna mwingine wa kumtuma.

Chombo kikilala upande, mambo mawili huharibika kwa pamoja. Nguvu ya tanga huhamia nje ya mstari wa katikati na kuanza kuizungusha omo kuelekea kwenye upepo, nawe ili usigeuke unaivuta kana, yaani mkono wa usukani, na kuanzia hapo usukani umekuwa breki. Ndiyo maana mwalimu wenu anapiga kelele kila siku, “Lalia nje, kisawazishe!” Anachokuambia ni kwamba unalipa kwa mwendo kila unapochelewa kulipa kwa misuli ya mapaja.

Kuna sehemu moja ya mashua hii ninayoipenda kuliko zote, nayo ni mlingoti. Tazameni. Umetengenezwa kwa vipande viwili vinavyochomekana, umesimama ndani ya tundu, wala hakuna kamba hata moja inayoushikilia upande wowote. Hakuna henza ya kupandishia tanga. Tanga lina mfuko mrefu kwenye ukingo wake wa mbele, nao huvishwa mlingotini kama foronya inavyovishwa mto. Mtu anayeona mara ya kwanza hudhani hili ni jambo la kurahisisha tu, ili mtoto aweze kufunga chombo chake kwa dakika kumi. Ni kweli linarahisisha. Lakini mlingoti usioshikiliwa ni mlingoti unaopinda, na mpindo huo ndio mashine nzima ya mwendo.

Ukivuta kwa nguvu kamba ya demani, ile ya kuvutia na kulegezea tanga, mti wa chini wa tanga unashuka, ncha ya mlingoti inarudi nyuma, katikati yake inasogea mbele, na tumbo la tanga linabanwa likawa bapa. Tanga lenye tumbo kubwa lina nguvu lakini humlemea mtu katika upepo mkali. Tanga bapa hupunguza nguvu na hukata upepo vizuri unapobisha. Hivyo kamba ileile inayoamua tanga likae pembe gani ndiyo pia inayoamua tanga liwe na umbo gani. Zipo kamba nyingine tatu. Moja huvuta mti wa chini kuelekea shina la mlingoti, ili mpindo usipotee hata ukilegeza demani. Ya pili hushusha ukingo wa mbele wa tanga, tumbo lisogee mbele. Ya tatu huvuta pembe ya nyuma. Baharia ana mita za mraba 7.06 za tanga, kamba nne na mwili wake. Katika vyombo vingine angekuwa na zana nyingi za kurekebishia mlingoti na matanga ya kubadilisha kufuatana na hali ya hewa. Hapa tanga la upepo wa kusi unaovuma kwa hasira mwezi Julai ndilo tanga la asubuhi ya maleleji bahari ikiwa kama kioo, na tofauti kati ya hizo mbili yote iko mikononi mwako.

Sasa mnaona kwa nini nimewaambia mkumbuke usiku ule. Hans Fogh hakutafuta tanga kubwa zaidi. Alitafuta makubaliano kati ya kitambaa na mti unaopinda, na makubaliano hayo ndiyo yaliyoingia katika kila mashua iliyofuata.

Mlingoti usio na kamba una faida nyingine ambayo mabaharia walichukua miaka mingi kuifaidi kikamilifu. Katika chombo chenye kamba za mlingoti, ukienda na upepo wa nyuma huwezi kulifungua tanga kupita kiasi fulani, kwa kuwa litagusa kamba. Laser haina cha kugusa. Unaweza kulifungua tanga mpaka lipite mbele ya mlingoti, kisha ukaigeuza omo kidogo kuelekea upande uleule liliko tanga, na upepo ukaanza kupita kinyume: unaingia kwa ukingo wa nyuma na kutokea kwenye mlingoti. Tanga ambalo lilikuwa kama kanga iliyoanikwa, likisukumwa tu, linakuwa tena bawa. Mabaharia hodari hushuka na upepo kwa kupindapinda, mara kwa njia hii mara kwa ile ya kawaida, wakitafuta mgongo wa kila wimbi, na katika mbio za leo mara nyingi ni kwenye mguu huu wa kushuka ndipo nafasi hupatikana au kupotea.

Lakini pia ni kwenye mguu huu ndipo chombo hiki kinapokosea, na nitakuwa siwatendei haki nikikisifu bila kuwaonyesha. Angalieni tezi. Imekatwa mraba, ina pembe mbili, na kamba ya demani hupita nyuma pale juu ya kana. Unapogeuza tanga kwa upepo wa nyuma, kamba hulegea kwa nusu sekunde, hushuka majini, na tanga linapovuka huivuta ikanasa kwenye pembe ya tezi. Mimi mwenyewe ilinipata hapa hapa kwenye ghuba, nikiwa wa tatu na boya liko mbele yangu mita thelathini. Tanga lilivuka, likasimama katikati ya safari kama mtu aliyeshikwa shati, chombo kikalala, nami nikajikuta nimekaa juu ya ubao wa katikati nikiwatazama wenzangu wakipita mmoja mmoja. Kosa halikuwa la kamba. Sikuivuta kwa mkono kabla tanga halijavuka, kuondoa ule ulegevu. Fanyeni hivyo: mvuto mmoja wa haraka, wakati uleule mti unapoanza kuja. Mtanufaika nao kwa maisha yenu yote ya majini.

Chombo kinachofanana na cha mwenzako kinaipeleka vita mahali pengine. Laser iliingia Olimpiki mwaka 1996, mashindano ya tanga yakifanyika Savannah, na walioingia mbio ya mwisho wakigombea dhahabu walikuwa Robert Scheidt wa Brazili na kijana Mwingereza, Ben Ainslie. Scheidt alivuka mstari kabla ya ishara, Ainslie akamfuata, wote wawili wakaondolewa katika mbio hiyo, na kwa hesabu ya pointi dhahabu ikawa ya Scheidt. Miaka minne baadaye, Sydney, Ainslie ndiye aliyemkalia mwenzake: badala ya kushindana na kundi, alimzibia Scheidt upepo na kumrudisha nyuma, mpaka hesabu ikageuka na dhahabu ikawa yake. Wapo wanaochukizwa na mbio ya namna ile. Mimi naiona kuwa ni ushahidi. Hapakuwa na fundi, fedha wala kitambaa kipya ambacho kingeweza kuwatenganisha wale wawili, kwa hiyo ilibidi watenganishwe na kichwa.

Hata hivyo kuna kitu ambacho mchoro wa 1969 haukuweza kukisawazisha, nacho ni miili yetu. Kama baharia ndiye farumi, msichana wa kilo 60 hawezi kulishika tanga la mita 7.06 katika kusi, hata awe na akili kiasi gani. Jibu lililopatikana ni la busara: ganda halikuguswa. Kilichobadilishwa ni kipande cha chini cha mlingoti na tanga. ILCA 6, iliyojulikana zamani kama Radial, ina tanga la mita za mraba 5.76, na tangu Beijing 2008 ndicho chombo cha wanawake katika Olimpiki. ILCA 4 ina mita 4.7, na ndiyo wengi wenu mtakayoanza nayo. Kipande cha juu cha mlingoti ni kilekile kwa zote tatu. Kwa klabu zetu zenye vyombo vichache hili lina maana kubwa, kwa sababu ganda moja linaweza kumfundisha mtoto asubuhi, dada yake mchana na baba yao jioni.

Kuhusu kanuni nitakuwa mfupi. Msingi wake ni kwamba kisichoruhusiwa waziwazi kimekatazwa. Huruhusiwi kukwangua ganda ili lipungue uzito, wala kurekebisha umbo la ubao, wala kujishonea tanga. Kanuni hiyo imelinda usawa, lakini imezaa tatizo: tanga lazima litoke kwa watengenezaji walioidhinishwa, na tanga la zamani lilikuwa likichoka haraka kiasi kwamba mwenye fedha alinunua jipya kila mashindano makubwa. Mwishoni mwa muongo uliopita uliongezeka mgogoro kati ya chama cha mashua hizi na baadhi ya watengenezaji, na ndio uliofanya jina libadilike kuwa ILCA mwaka 2019 na watengenezaji wapya waruhusiwe. Tanga jipya linalodumu zaidi lilikuwa limeshatolewa miaka michache kabla. Hayo yamesaidia, lakini chombo kilichozaliwa kuwa cha bei ya chini bado ni ghali mno kwa mzazi wa kawaida wa pwani hii, na siwezi kusimama hapa nikasema vinginevyo.

Kwa hiyo vyombo vingi mtakavyovipata ni vya zamani, na kabla hatujaingia majini nataka niwaonyeshe namna ya kukipima. Njooni karibu. Kwanza bonyezeni sitaha hapa, mbele ya tundu la kukalia, kwa kiganja. Kama inabonyea na kulia, sponji ngumu iliyo ndani yake imeachana na faiba. Pili, chukueni kopo la maji mlimimine ndani ya tundu la mlingoti mpaka lijae, kisha msubiri. Maji yakibaki palepale, ganda ni zima. Yakishuka, hata kwa polepole, yanaingia ndani ya chombo, na siku ya upepo mkali mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha. Kwetu adui mkubwa wa tundu hilo ni mchanga, kwa sababu mlingoti huzunguka ndani yake kila tanga linapogeuka, na mchanga hukwangua faiba kama msasa. Lisuuzeni kila siku kwa maji yasiyo na chumvi, na futeni kitako cha mlingoti kwa kitambaa kabla ya kuuchomeka.

Hili nimelijaza nilipofika, kabla ya wazazi kuketi. Tazameni wenyewe: maji hayajashuka. Ila yale ya bahari yameanza kutuacha, naona jiwe la kwanza limeshatoka. Wawili mshike omo, wawili mshike tezi, na aliye mwepesi kuliko wote avae jaketi la kuokolea, yeye ndiye atakayeanza.